Safari ya Kwenda Kumvua Mdudu Jina la Mama Mkwe

Tangu nirudi mmeniuliza mferejini, kanisani, na hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na kila mmoja nimempa kipande. Sasa vipande vimeanza kugombana. Juzi nimesikia kwamba nilimpiga profesa. Sikumpiga. Kwa hiyo naandika yote mara moja, mpokezane, na anayependa kuongeza chumvi aongeze kwenye mtori wake.

Habari za pasi na viza siandiki. Alihangaika nazo mjukuu wangu Fanueli, na kama mnazitaka mkamuulize yeye, mradi muwe na muda wa kumsikiliza.

Lakini wapo walioolewa huku juzijuzi ambao hawajui kwa nini mama mzima wa umri wangu alipanda ndege. Hao lazima niwaeleze kwanza.

Mama mkwe wangu aliitwa Aikaruwa. Alikuwa na maneno machache na macho makali, na ubaya wake wote ulikuwa huo. Wakati mimi ni mzazi kijana, watoto wachanga wa hapa Kirua waliharisha wakafa, nyumba hii leo, nyumba ile kesho. Wangu walikufa wawili. Watu wakatafuta wa kumbebesha. Kuna waliosema ni kimeo, wakawakata watoto kooni, na watoto wakafa na vidonda juu. Kisha jirani yangu Melania, ambaye wangu na wake walikufa wiki moja, akasema mbele ya watu wanaotoka ibadani: “Jana Aikaruwa alimwangalia wangu. Leo simwoni.” Ikawa imetosha. Toka siku hiyo mama mkwe akipita njiani, wanawake walifunika watoto kwa kanga. Amezeeka, amekufa, hakuna mtoto wa jirani aliyewekwa mapajani pake. Wangu nilimpa, maana nilikuwa naishi naye na nilijua anavyolia.

Binti yangu wa kwanza alichukua jina lake, kama desturi inavyotaka, mama wa baba. Huyo ndiye Aikaruwa mnayemjua, daktari wa vijidudu. Alisoma kwa wamisheni, akasoma Dar, akasoma Ulaya, akabaki Uholanzi kwa sababu hapa hakukuwa na darubini ya kumtosha. Hakuolewa. Mwanawe Fanueli alimzalia hapa nyumbani, akawa wa ukoo wetu, nikamlea mimi. Kila likizo alikuja na chupa ndogo ndogo, akapita nyumba kwa nyumba kuomba mavi ya watoto. Mtu amesoma kuliko wote mlimani, na kijiji kikampa cheo cha Daktari wa Mavi. Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka, ila chupa nilimsaidia kubeba.

Alipofariki tulimleta, tukamzika kihambani, kwenye migomba ya nyumbani. Nilidhani habari zake zimeisha hapo.

Kisha Fanueli akaja anakimbia. Taasisi ya Uholanzi wananialika. Kuna jengo watalifungua kwa heshima ya mama yake, na yule mdudu aliyemgundua, anayewaharisha watoto mpaka wanakufa, sasa anaitwa Aikaruwa, dunia nzima.

“Ni heshima kubwa, Bibi,” akasema.

Nikamwambia, “Kaa chini. Rudia polepole. Kinachoua watoto kinaitwaje?”

Akarudia. Alipofika katikati alianza kuelewa mwenyewe.

Habari haikukawia kuvuka uzio. Na huko ng'ambo ya uzio ndiko bado anakaa Melania, na mke wa Fanueli, Hapi, ni mjukuu wa Melania. Mapenzi hayaulizi wazee. Hapi alikuwa mjamzito, na akizaa msichana, jina lake linajulikana: la mama wa baba, Aikaruwa. Melania akaja mpaka kwenye kijito cha kati ya nyumba zetu, akasimama na fimbo yake.

“Nilisema mimi,” akasema. “Nikaambiwa nina mdomo. Kinachoua watoto ni Aikaruwa, sasa hata wazungu wamekubali. Kitukuu changu hataitwa hivyo.”

Shemeji yangu, Meku Elifuraha, ndiye mkubwa wa ukoo sasa, na ni mtoto wa kumzaa wa yule mama aliyefunikiwa watoto. Mzee huyu hasemi na Melania tangu ujana wao. Alituita wote, akanywa pombe yake ya mbege hadi nusu ya kata, ndipo akaniambia. “Mama Aikaruwa, nenda kwao. Lirudishe jina la mama. Usipolirudisha, limefungwa. Hakuna mtoto wa nyumba hii atakayelibeba tena.”

Akakata jani la sale kwenye uzio, akanikabidhi. Kwa asiye wa huku: sale ni lile jani refu tunalopanda mipakani na makaburini. Ukimpelekea mtu uliyegombana naye, au unayemwomba jambo zito, unalitoa kwa mikono miwili na kunyamaza. Akilipokea, hawezi kukataa. Watu wamesamehe damu kwa jani hilo. Nikaliweka ndani ya kitabu cha nyimbo, nikaondoka kwenda kumvua mdudu jina.

Kirua mpaka Kiboriloni

Mvua za masika zilikuwa zimelainisha barabara hadi gari la parokia likawa linateremka lenyewe bila kuombwa. Dereva alikuwa mlokole, kila kona alisema “Bwana asifiwe,” na kila kona nilijibu kwa sauti kubwa zaidi. Kwenye daraja tulizama. Vijana waliokuwa wanang'oa mibuni ya baba yao ili wapande nyanya walikuja kutusukuma. Nikawauliza kama baba yao anajua. Mmoja akasema, “Bibi, kahawa ni ya kuangalia tu siku hizi.” Mwenzake akasema, “Unaenda Ulaya? Waambie sisi tumechoka kuwapikia kahawa.” Nikaahidi kuwaambia.

Kiboriloni nilikuwa na kazi moja, kutafuta koti. Fanueli alisema huko ni baridi ya kuvunja meno. Kwenye mitumba nikakuta koti la bluu nzito, vifungo vya shaba, limesimama lenyewe kama mwanajeshi.

“Mama, hilo gredi wani,” muuzaji akasema. “Limetoka huko huko unakoenda.”

“Kama limetoka huko, kwa nini mwenyewe hakulitaka?”

“Wazungu wakivaa msimu mmoja wanachoka. Si kama nyie, mnavaa mpaka nguo inaomba ruhusa.”

Nikalijaribu. Lilinikaa vizuri mabegani, na akina mama wa nyanya wakasema naonekana kama mwenye cheo. Nikalichukua. Mkumbuke hilo neno la cheo, maana mitumba ina historia yake ambayo muuzaji hakusimulii.

Kiboriloni mpaka Nairobi

Ndege ilikuwa ya Nairobi, kwa hiyo tulipanda basi la kupita Namanga. Fanueli alinisindikiza mpaka mpakani tu, mke wake alikuwa amekaribia.

Kabla ya kufika Longido mkanda wa feni ulikatika. Konda akasema ni dakika chache. Tukashuka. Jua likapanda, likasimama, likaanza kushuka, na konda bado anasema ni dakika chache, ila sasa anasema bila kututazama. Mlima wetu uko pale, lakini unauona kwa upande tusiouzoea sisi watu wa Vunjo. Ni kama mtu unayemfahamu amekupa kisogo.

Kulikuwa na kijana mzungu mwenye mkoba mkubwa, anaongea Kiswahili cha kwenye kitabu. Aliniamkia “shikamoo” vizuri kabisa, akaniuliza kama nimeshafika kileleni.

“Kufanya nini?” nikamuuliza.

Akafikiri. “Kuona.”

“Nauona toka mlangoni kwangu kila asubuhi, na sijachoka miguu.”

Akasema yeye amelipa akapanda, ameumwa kichwa, ametapika, amefurahi sana. Nikampa ndizi. Mtu akifurahi hivyo anahitaji kula.

Mama mmoja wa Kimasai akatoka vichakani na kibuyu cha maziwa, akapita kwa wasafiri kama mwenye karamu. Yalinuka moshi. Nilimkumbuka binti yangu, ambaye angetaka kwanza kuyatia kwenye kichupa. Nikayanywa. Nilimaliza safari nzima bila kuugua tumbo, kwa hiyo waambieni wanaosema niliponzwa na maziwa ya njiani.

Mkanda mpya ulikuja jioni juu ya pikipiki, shingoni mwa fundi kama skafu.

Treni ya Uholanzi

Ya ndege ni machache. Unakaa, unapewa chakula kwenye kisanduku, kila kitu kimefunikwa kana kwamba kinaumwa. Unalala umekaa. Unashuka nchi nyingine na magoti ya mtu mwingine.

Aliyenipokea ni Bwana Haji, mtu wa Pemba, amekaa huko miaka mingi, taasisi ilimtafuta awe mkalimani wangu. Kiswahili chake kizuri mno. Alisema “Karibu sana, Bi mkubwa, umeshindaje na uchovu wa safari?” nami nikajibu “Safi,” nikajiona nimejibu kama konda.

Tulipanda treni. Nchi yote imelala bapa, huoni hata kilima cha kumweka ng'ombe. Nikamuuliza Haji maji ya mvua yanajuaje kwa kwenda. Akasema yanasukumwa kwa mashine. Watu hao wanafanya kazi ambayo sisi tunafanyiwa na mteremko.

Haji akaenda kutafuta chai. Nikiwa peke yangu, bibi mmoja aliyekaa mbele yangu akanitazama, akafungua mkoba, akanionyesha tiketi. Nikaitazama, nikaitikia kwa kichwa. Mwanamume wa pembeni naye akanyoosha ya kwake. Kisha wa nyuma. Nikadhani ni desturi, kama kwetu tunavyoonyeshana picha za wajukuu. Nikasimama, nikazitazama zote kwa heshima, moja moja, mpaka mwisho wa behewa. Mmoja hakuwa nayo. Alianza kujieleza kwa kirefu, amekuwa mwekundu. Nikampigapiga begani, nikamwambia kwa Kiswahili, “Yataisha, baba.” Akanishika mkono kwa nguvu.

Haji aliporudi na vikombe aliegemea mlango akacheka hadi chai ikamwagika. “Bi mkubwa, hilo ni koti la makondakta wa reli.”

Sikulivua. Nje kulikuwa na baridi, na hakuna aliyelalamika.

Nyumba ya vijidudu

Tulifika mchana nikiwa na njaa. Mchana wao ni mkate baridi na jibini, na glasi ya maziwa. Nikangoja chakula. Haji akaninong'oneza kwamba ndicho hicho. Walileta kahawa kwenye kikombe cha kuchezea watoto, na kopo la biskuti. Likafunguliwa, nikachukua moja, likafungwa, likarudishwa kabatini. Nimekaa kwenye misiba ya watu masikini sana, sijaona kopo likifungwa upesi hivyo. Niliwaambia yale ya vijana wa mibuni, kwamba tumechoka kuwapikia kahawa. Haji alitafsiri kitu kifupi zaidi, na wote wakasema “ahsante.”

Lakini kilichoniumiza ni salamu. Tulipoingia maabara, vijana wanaofanya kazi mle walijipanga mstari, wa rangi zote, wamevaa makoti meupe, na hakuna hata mmoja aliyenipa mkono. Nikanyoosha wangu. Wakarudisha mikono mgongoni. Mmoja akanionyesha bomba la maji.

Nikamwambia Haji, “Nimetoka Kilimanjaro na hawa wananiona mchafu.”

Haji akauliza. Akarudi anacheka kidogo. “Ni sheria ya binti yako. Imeandikwa pale juu ya bomba, kwa Kiswahili.”

Nikavaa miwani. *Nawa kwanza, salimia baadaye.* Ulikuwa mwandiko wake, ile N yake inayolala. Nilinawa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana nilitaka kusimama pale. Nilipogeuka walikuwa wote wamenawa, wakanishika mkono mmoja baada ya mwingine, na binti mmoja wa Ghana akapiga goti kabisa.

Mkubwa wao ni Profesa Birgit, mwanamke mzee, mrefu, mkavu kama fito. Alinionyesha kiti cha Aikaruwa. Aliniambia kwamba binti yangu alipofika hapo alikuwa wa kwanza mweusi na wa kwanza mwanamke, na walimpa kuosha chupa. Shahada anayo, wakampa kuosha chupa. Aliosha. Siku moja bwana mkubwa wa enzi hizo akakuta chupa alizoosha yeye ndizo pekee ambazo hazioti uchafu, akauliza nani huyo. Ndipo akapewa darubini, kisha ufunguo. Aliimba nyimbo za kanisani akiangalia vijidudu, kwa sauti mbaya. Sauti mbaya aliitoa kwa baba yake. Alikuwa hapendi kusikia mtu akisema ugonjwa fulani ni wa maskini. Alikuwa akisema ugonjwa haujui kuhesabu ng'ombe za mtu.

Vijana wale, Profesa akasema, kila mmoja atarudi kwao na kufundisha wengine kumtafuta mdudu yule kwenye maji. Nikawaza watu wote hao wanatembea duniani wakilitaja jina la mama mkwe wangu. Nikakumbuka kilichonileta.

Nikamwambia Haji, “Mwambie nimekuja kwa ajili ya jina.”

Akamwambia. Profesa akang'aa uso. “Anasema ndiyo, wote tuko hapa kwa ajili ya jina hilo.”

Vizuri. Anajua. Nikatoa sale kwenye kitabu cha nyimbo. Lilikuwa limebanwa kidogo, lakini bado kijani. Nikalitoa kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, nikanyamaza kama inavyotakiwa. Profesa alilipokea, naye kwa mikono miwili, akawa na machozi machoni.

“Anasema ni zawadi nzuri sana, atalitunza,” akasema Haji.

Akalitia kwenye glasi ya maji, akaliweka dirishani. Niliona ajabu kidogo, lakini kila nchi na adabu zake. Alilipokea. Jambo limekwisha. Usiku huo nililala vizuri, na jioni nilikuwa nimekula samaki wao, anayeliwa mbichi kwa kushikwa mkia. Mtu aliyeshinda kesi anaweza kula chochote.

Kitambaa kinafunuliwa

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Nilikaa mbele na koti langu. Hotuba zilikuwa ndefu, na Haji akazifupisha mpaka zikawa “wanamsifu” na “bado wanamsifu.” Kisha mvulana na msichana wakavuta kamba, kitambaa kikaanguka ukutani.

Jina lile lile. Herufi za shaba, kubwa kama sufuria. Na chini yake picha ya mdudu, amekuzwa akatoshana na ndama, ana mikia.

Watu wakapiga makofi. Mimi nikasimama.

“Tulikubaliana,” nikasema.

Haji akanivuta koti. “Bi mkubwa, kaa.”

“Tafsiri. Mwambie alipokea sale yangu jana mbele ya watu. Alipokea, halafu ameniwekea mama wa watu ukutani pamoja na mdudu.”

Haji akaniuliza sale ni nini. Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu wa Pemba, mzuri wa lugha kama yule, hajawahi kuona sale maishani mwake. Alidhani nimeleta ua. Nikamweleza pale pale, mbele ya ukumbi mzima. Nikaeleza na ya mama mkwe, watoto wawili, kanga zilizofunika, na Hapi mwenye mimba. Haji alitafsiri polepole, na mara mbili alisimama kukohoa.

Profesa Birgit akashuka jukwaani. Hakuja kwenye kiti, alikaa kwenye ngazi karibu na magoti yangu, na kwa vile ni mrefu akawa amekunjika kama mwavuli. Hapo ndipo lilipotoka lile la kwamba nimempiga. Nilimshika bega ili asianguke.

“Jina siwezi kuliondoa,” akasema. “Hakuna anayeweza. Likishatangazwa limetangazwa. Ungeniuliza hata kwa majani mia.”

“Basi mmetuua,” nikasema.

“Lakini si sisi tuliolichagua, mama. Ni yeye.”

Nikamwambia Haji arudie.

“Kwetu mgunduzi hampi mdudu jina lake mwenyewe,” Profesa akaendelea. “Ni aibu, watu watamcheka miaka yote. Alipokuja na jina hili nilimkatalia, nikamwambia, Aikaruwa, hivi sivyo. Akasema, hili si langu, ni la bibi yangu. Nikamuuliza, bibi yako alifanya nini? Akanijibu, na nakumbuka kwa sababu alikuwa ananawa mikono na hakugeuka. Alisema, ‘Bibi alibeba lawama za mdudu huyu maisha yake yote. Sasa mdudu abebe jina la bibi.’”

Nikakaa.

Niliuliza jambo moja tu. Kama ni hakika kwamba mdudu huyu ndiye aliyewaua wa kwetu. Profesa akasema vichupa vya kwanza binti yangu alivyomwonea mdudu vilitoka kijijini kwetu, yeye mwenyewe alivibeba, na alikuja tena akachota maji, akamkuta humo. Kwenye mfereji. Yale maji ya mfereji tuliyowakorogea watoto uji kwa miaka yote.

Ukumbi ukasimama, ukapiga makofi, safari hii taratibu, muda mrefu. Mimi nilikuwa namkasirikia mwanangu. Nilitaka kumchapa, na hayupo wa kuchapwa. Kasoma vyote hivyo, kaweka kitu kikubwa namna ile ukutani mwa watu, asifungue mdomo nyumbani kumweleza hata mama yake. Alidhani nini? Kwamba Kirua watakisoma kwa Kilatini?

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa fupi kwa sababu nilikuwa na kazi. Tangu angani nilikuwa napanga maneno ya kumwambia shemeji, na kila nilivyoyapanga yalisikika kama udhuru wa mtu aliyeshindwa. Nilitumwa kuleta jina. Narudi mikono mitupu, nimebeba sentensi moja.

Fanueli alinisubiri Kiboriloni, ameegemea gunia la viazi, amekonda.

“Shikamoo Bibi. Hapi amejifungua.”

“Marahaba. Nini?”

“Msichana.” Akatazama pembeni. “Tunamwita Mtoto. Bibi Melania anamwita Gresi.”

Kirua

Shemeji alinikuta sijavua viatu. Alikaa kwenye kigoda chake, fimbo katikati ya magoti.

“Umelileta?”

“Sikulileta.”

Nikamweleza. Ya sale kwenye glasi, ya kitambaa, ya Profesa kwenye ngazi. Yale maneno ya Aikaruwa nilimwambia kama nilivyoyasikia, bila kupunguza. Alitazama chini hata nikadhani hasikii, masikio yake siku hizi yana siku zao.

“Huyo profesa ana akili timamu?”

“Anazo.”

“Na hao wote ukumbini, waliambiwa kwamba mama hakuua mtoto wa mtu?”

“Waliambiwa. Walisimama.”

“Wakasimama.” Akakuna kidevu na kichwa cha fimbo. “Basi wamebaki wa Kirua tu.”

Akainuka, akatoka hadi kijito cha kati, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nyumba hii nikamsikia akiita ng'ambo ya uzio. “Melania. Njoo uone kitukuu chako.”

Alikuja. Alikuja na kibuyu cha maziwa ya mzazi na kisirani chake chote, akakaa kwenye benchi. Nikasimulia tena, yeye akitazama moto. Nilipofika kwenye maji alinikatiza.

“Maji gani?”

“Ya mfereji.”

“Huu wetu?”

“Huu.”

Kila mtu pale ndani anaujua mfereji wetu. Unatoka juu, unapita kihambani kwa Melania, kwenye zizi lake la ng'ombe, ndipo unakuja kwetu.

“Unapita kwangu kwanza,” akasema.

Shemeji angeweza kumjibu, alikuwa na miaka yote hiyo ya kujibu, lakini alikuwa anatazama mikono yake.

Melania akasema, polepole, “Wangu aliuanza uji siku ile ile aliyoangaliwa. Nilimkorogea mwenyewe.”

Hapi, aliyekuwa anasikiliza toka kitandani, akainuka. Hakuuliza mtu. Akamchukua mtoto, akamwondolea kanga usoni, akamweka mapajani mwa bibi yake. Mtoto alikuwa macho. Ana nyusi nyeusi tayari, na hajui kupepesa.

“Jina lake nani?” Melania akauliza, kana kwamba hajui.

“Mwite wewe,” akasema shemeji.

Kuni zililia motoni. Melania alimwinua yule mtoto hadi nyuso zao zikawa karibu, na mtoto akamkazia macho.

“Aikaruwa,” akasema. “Usiniangalie hivyo.”

Mtoto akaendelea kumwangalia.